Kabla hujamlipa mhariri, sikiliza anakuuliza nini

Simu nyingi ninazopokea huanza hivi: "Dada, unahariri kitabu kwa shilingi ngapi?" Swali ni la haki. Anayejichapishia kitabu hulipa kila kitu kutoka mfukoni mwake, kuanzia mhariri na msanifu kurasa hadi mchoraji wa jalada na mwenye mashine ya kuchapa. Lakini bei ya kuhariri muswada haijulikani mpaka usomwe. Mhariri anayekutajia bei kabla hajaona hata ukurasa mmoja amekwisha kukuonyesha jinsi atakavyoifanya kazi yako.

Nilianzia kwenye dawati la prufu, yaani usomaji wa mwisho kabla ya kuchapa, la gazeti moja la kila siku hapa Dar es Salaam, kisha nikahamia kwenye vitabu. Sasa wateja wangu wengi ni watu wanaojichapishia wenyewe: walimu wastaafu wanaoandika kumbukumbu zao, wachungaji, na vijana wanaoandika riwaya kwenye simu na kuziuza sehemu kwa sehemu WhatsApp kabla hazijawa kitabu. Wote nawapa ushauri mmoja, na mengine yote nitakayoyasema hapa yanatoka humo: mpime mhariri kwa maswali anayokuuliza. Makosa ya tahajia hata mwanafunzi mzuri wa kidato cha nne anaweza kuyaona. Anayefika ukurasa wa 40, akasimama na kuuliza, "Huyu mjomba si alizikwa sura ya pili?", huyo ndiye wa kumtafutia hela.

Jua kwanza unanunua kazi ipi

Tunaposema "kuhariri" tunachanganya kazi tatu, na wengi hulipia moja wakidhani wamepata zote.

Ya kwanza ni uhariri wa maudhui. Hapa mhariri anasoma kitabu kizima akiangalia kama kinasimama: kisa kinaanza mahali panapofaa, wahusika wana sababu za kufanya wanayoyafanya, sura haizirudii nyingine, na mambo ya dunia yaliyotajwa ni ya kweli. Chukua mfano wa riwaya ya familia ya Magomeni wakati wa Vita vya Kagera. Mwandishi anasema mwaka 1979 baba mwenye nyumba yuko sebuleni anatazama habari za vita kwenye televisheni, kisha anatoka mbio kuwahi daladala ya kwenda Posta. Tahajia ni safi na kila nukta ipo mahali pake. Mhariri wa maudhui atasimama hapo hapo, kwa sababu Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni mpaka miaka ya 1990; Zanzibar ndiyo iliyotangulia, miaka ya 1970. Mzee wa Magomeni mwaka ule angekuwa ameinamia redio akisikiliza Redio Tanzania Dar es Salaam, na mjini angekwenda kwa basi la UDA, shirika la usafiri la Dar es Salaam. Swali hilo moja linaweza kulibadilisha tukio lote kwa faida ya mwandishi, maana kwenye redio ndipo majirani wasiokuwa nayo wanapoingia, na sebule iliyokuwa na mtu mmoja inajaa watu wenye watoto wao vitani.

Au wapenzi wawili wanatembea ufukweni Pangani usiku wa kuamkia Idi el-Fitri, mbalamwezi imewamulika kama mchana. Idi hiyo huingia kwa mwezi mwandamo, na mwezi huo huzama muda mfupi tu baada ya magharibi. Msomaji wa pwani hahitaji kamusi wala kitabu cha jiografia kuliona hilo. Ataacha kumwamini mwandishi hapo hapo. Au kijana anaingia nyumbani kwa wazazi wa mchumba wake, anaketi na kuanza kueleza shida iliyomleta, shikamoo haipo popote ukurasani. Kama mwandishi alikusudia kumwonyesha kijana asiye na adabu, sawa. Kama alisahau, msomaji atamhukumu kijana wa watu kwa kosa la mwandishi. Mhariri mzuri hataiweka shikamoo mwenyewe. Atauliza pembeni: "Umekusudia asisalimie?"

Ya pili ni uhariri wa lugha, yaani sentensi kwa sentensi. Hapo ndipo ngeli hunyooshwa, "kwasababu" ikatenganishwa kuwa "kwa sababu", na mahari aliyolipa bwana harusi isiandikwe "mahali". Waandishi wengi tunaandika tunavyotamka, na matamshi ya nyumbani hutufuata: wengine hudondosha h, wengine hubadilisha r na l, wengine huandika "samani" wakimaanisha thamani. Programu ya kukagua tahajia haitakusaidia hapo, maana mahali na mahari, samani na thamani, yote ni maneno halali. Mhariri wa lugha pia hukata "ambaye" tatu zilizofuatana kwenye sentensi moja, na huweka daftari la majina ili Asha wa sura ya kwanza asije akawa Aisha sura ya tisa.

Ya tatu ni prufu. Inafanywa baada ya msanifu kurasa kumaliza kupanga kitabu, siku chache kabla ya kwenda mashineni, na kazi yake ni kuokota makosa yaliyobaki, kama mtu anayepitia mchele kwenye ungo kwa mara ya mwisho kabla haujaingia sufuriani.

Kazi hizi zina mpangilio, na kuuvuruga ni kutupa pesa. Ukilipia lugha kabla ya maudhui, utalipia kusafishwa kwa sura ambazo baadaye zitakatwa. Kama fedha yako inatosha kazi moja tu, na huwa hivyo mara nyingi, ninakushauri ulipie usomaji wa maudhui, hata ule mfupi ambao mhariri hagusi sentensi bali anakuandikia barua ya kurasa tano au sita akieleza nini kinasimama na nini kinayumba. Kwa upande wa lugha unaweza kupata mwalimu au rafiki makini wa kukusaidia. Mtu wa kukwambia ukweli kuhusu sura yako ya tatu ni adimu zaidi.

Tafuta Kiswahili kinachofanana na chako

Jambo hili sijaona likizungumzwa vya kutosha. Mhariri hodari aliyesomea Nairobi na mhariri hodari aliyesomea Dar es Salaam wanaweza kukupa vitabu viwili tofauti kutoka muswada mmoja. Mmoja ataona "kompyuta" akaweka "tarakilishi", ataona "simu ya mkononi" akaweka "rununu", ataona "muswada" akaweka "mswada". Hakuna kosa hapo kwa upande wowote. Ni mazoea ya shule na vyombo vya habari vya kila nchi. Lakini kama hadithi yako ni ya Mbagala, mhusika akisema "rununu" msomaji wa Mbagala atashangaa, na wa Nakuru atashangaa vivyo hivyo mhusika wake akiongea kama mtu wa Kariakoo. Anayeandika Kiunguja cha Zanzibar, au ambaye wahusika wake wanazungumza Kimvita cha Mombasa au Kingwana cha Kongo, amtafute mhariri aliyewahi kuishi na lugha hiyo, au angalau anayekiri mipaka yake na yuko tayari kuuliza.

Muulize pia anafuata kamusi ipi. Wengine hufuata kamusi ya TATAKI, taasisi ya Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wengine Kamusi Kuu ya BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa, iliyotoka mwaka 2015. Yoyote kati ya hizo inafaa ikifuatwa mwanzo hadi mwisho. Asiyefuata yoyote atakuandikia neno moja kwa namna mbili ndani ya sura moja.

Na hapa niwaseme walimu, kwa heshima zote, maana mimi mwenyewe nimefunzwa nao. Mwalimu wa Kiswahili ni msomaji mzuri wa prufu, na wengi ni wahariri wazuri wa lugha. Lakini wapo wanaohariri riwaya kama wanavyosahihisha insha. Kondakta akisema "Oya, songa mbele, siti zipo kibao," wao wataandika "Tafadhali sogea mbele, kuna viti vingi." Kondakta amekufa. Ukimpa mwalimu muswada wa hadithi, mwambie wazi mapema: simulizi ni yako kunyoosha, mazungumzo uliza kwanza.

Wanapatikana wapi

Nenda duka la vitabu, kwa Dar es Salaam anzia Mtaa wa Samora, ufungue vitabu vya aina unayoandika vilivyotoka miaka ya karibuni. Soma ukurasa wa haki miliki na ule wa shukurani. Jina la mhariri mara nyingi limo. Kama kitabu kilikusomeka bila kukukwaza, huyo ni mtu wa kumwandikia. Wahariri wa magazeti na wa kampuni za uchapishaji wengi huchukua kazi za nje jioni na wikendi. BAKITA nayo huhariri na kutoa ithibati ya lugha. Anayeandika kitabu cha shule ajue kwamba njia yake ni nyingine kabisa, kwa sababu vitabu vya shule viko chini ya Taasisi ya Elimu Tanzania.

Steshenari inayokuchapia barua na kukudurufia vyeti si mahali pa kuhariri kitabu, hata kama bango mlangoni linasema hivyo.

Ujumbe wa kwanza uwe mfupi na wenye taarifa zote. Hivi ndivyo napenda kuandikiwa:

"Habari za leo, dada. Nimeona jina lako kwenye kitabu fulani. Nina riwaya ya maneno elfu hamsini, inayotokea Tanga miaka ya themanini, kwenye mashamba ya mkonge. Imeshasomwa na watu wawili na nimeirekebisha mara moja. Natafuta uhariri wa maudhui kwanza. Ningependa kitabu kitoke kabla ya mwezi wa kumi. Je, una nafasi, na unaweza kuhariri kurasa kumi za mfano?"

Ukimwandikia mtu mzima, anza na shikamoo, umwite mwalimu au mzee kama anavyoitwa na wenzake. Kazi hii mtaifanya kwa miezi, na mtakuja kutofautiana. Heshima ya mwanzo itawabeba siku hiyo.

Kurasa za majaribio

Usimwajiri mtu yeyote bila kurasa za majaribio. Mpe kurasa tano hadi kumi, na wengine watakuomba malipo kidogo kwa hizo; lipa, ni haki yao. Usimpe sura ya kwanza. Sura ya kwanza umeipiga pasi mara nyingi kuliko zote na haitamwonyesha hali halisi ya muswada. Chukua kurasa za katikati, pale ulipochoka. Ukiweza, wape wahariri wawili kurasa zilezile.

Zikirudi, usihesabu alama nyekundu. Angalia pembeni. Je, kuna maswali? Je, maswali yanahusu kitabu chako hasa, au yangeweza kuandikwa kwenye muswada wowote? "Boresha hapa" si swali na halikusaidii. "Rehema anajuaje kwamba barua imetoka Muheza kama bahasha haina muhuri?" ni swali la mtu aliyesoma. Angalia pia aliacha nini. Sentensi yenye mwendo wako, yenye utani wa kwenu, kama ameiacha ipumue huku akinyoosha iliyo jirani yake, basi anasikia. Kama kurasa zote sasa zinasomeka kama taarifa ya habari, mshukuru, mlipe, umtafute mwingine.

Siku hizi kuna jambo jingine la kuchunguza. Wapo wanaochukua muswada, wakaupitisha kwenye programu ya akili mnemba (AI) na kukurudishia siku ya pili wakauita umehaririwa. Kumtambua si kazi ngumu: chagua mabadiliko matano, mpigie simu, muulize kila moja kwa nini. Aliyefanya kazi kwa kichwa chake atakujibu bila kutafuta, na pengine atabishana nawe. Kama mhariri anatumia programu yoyote kwa sehemu ya kazi, akwambie kabla, maana muswada ambao haujatoka ni siri yako na una haki ya kujua unapakiwa wapi.

Hesabu na makubaliano

Wahariri hutoza kwa ukurasa, kwa neno, au kwa kazi nzima. Ukitozwa kwa ukurasa, kubalianeni ukurasa ni nini. Wenye mazoea ya kazi hii huhesabu maneno 250. Tuseme, kwa hesabu tu, umetajiwa shilingi 2,000 kwa ukurasa na muswada wako una maneno 50,000: hizo ni kurasa 200, yaani laki nne. Muswada huohuo ukiubana kwa herufi ndogo na mistari iliyosongamana unaweza kuonekana wa kurasa 110, na hapo ndipo ugomvi huzaliwa. Hesabuni maneno, pamoja.

Muda nao una hesabu yake. Mimi kwenye uhariri wa lugha, nikiwa makini, sivuki kurasa nane kwa saa. Kurasa 200 ni saa 25 kwa kupita mara moja, na muswada hupitiwa angalau mara mbili. Anayekuahidi kumaliza kwa siku tatu, huku ana ajira nyingine, hataisoma kazi yako. Panga mwezi mzima kwa lugha, na zaidi kwa maudhui.

Mkishaelewana, andikeni. Ukurasa mmoja unatosha, na hata barua pepe iliyojibiwa "nimekubali" ni bora kuliko maneno ya simu. Itajwe kazi ni ipi kati ya zile tatu, maneno mangapi, tarehe ya kuanza na ya kurudisha, utapitia marekebisho na kumrudishia mara ngapi, na nini kitatokea mmoja wenu akichelewa au akijitoa. Malipo yawe kwa awamu: sehemu mwanzoni, nyingine katikati, ya mwisho kazi ikikabidhiwa. Sipokei zote mwanzo, na sianzi bila kitu. Vyote viwili huharibu uhusiano. Ukituma kwa simu, hifadhi ujumbe wa muamala, na hakikisha jina linalotokea ni la mtu uliyeandikiana naye.

Kuhusu haki miliki, tulia. Kwa sheria ya Tanzania ya mwaka 1999, kazi ni yako tangu ulipoiandika, na mhariri hapati sehemu ya umiliki kwa sababu ya kuhariri. Anaweza kuipata tu kama umemwandikia. Kwa hiyo soma karatasi anayokuletea, hasa ukiona neno "mwandishi mwenza" au asilimia ya mauzo. ISBN pia, yaani namba ya kukitambulisha kitabu, ichukue kwa jina lako kupitia Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Kenya, kupitia maktaba ya taifa. Mtu akikuwekea namba iliyotolewa kwa jina lake, kwenye kumbukumbu yeye ndiye mchapishaji wa kitabu chako.

Kazi ikirudi

Omba faili la Microsoft Word linaloonyesha kila kilichofutwa na kilichoongezwa, pamoja na jingine safi. Usikubali faili safi peke yake, maana hutajua nini kimebadilishwa.

Kisha usilifungue ukiwa na hasira ya kutwa nzima. Soma barua ya mhariri mara ya kwanza, iweke, irudie kesho yake. Maneno yaliyokuchoma zaidi mara nyingi ndiyo uliyokuwa unayajua moyoni. Huwajibiki kukubali kila kitu. Mimi hufurahi mwandishi anaponirudishia, "Hapa nimekataa, kwa sababu bibi yangu alizungumza hivi hivi," kwa kuwa sasa najua sentensi ile ina mwenyewe. Ninachoomba ni sababu. Na ukikubali badiliko moja, lifuatilie kitabu kizima: ukiondoa televisheni ya mwaka 1979 sura ya pili, itafute pia sura ya kumi na moja, inaweza kuwa bado inawaka.

Marekebisho yote yaishe kabla msanifu kurasa hajashika kazi. Aya moja ikiongezwa baada ya hapo husukuma kurasa zote zinazofuata, na utalipa tena. Kwa hiyo muulize mhariri mapema pia kama angependa jina lake liwemo kwenye ukurasa wa haki miliki.

Prufu isomwe na mtu mwingine, si wewe wala mhariri wa kwanza, kwa sababu macho yenu yamekwisha kuzoea na yanasoma kilichopaswa kuwepo. Isomwe kwenye karatasi. Mwambie aangalie miisho ya mistari: programu za kupanga kurasa nyingi hukata maneno kwa kanuni za Kiingereza, na utakuta "wan-" mwisho wa mstari na "anchi" mwanzo wa mwingine. Silabi za Kiswahili kwa kawaida huishia kwa irabu, kwa hiyo iwe "wa-nanchi" au "wana-nchi". Aangalie namba za kurasa dhidi ya yaliyomo, vichwa vya sura, na jina lako kwenye jalada, mgongoni na ndani, kama limeandikwa namna moja kote.

Halafu mwambie mwenye mashine akutolee nakala moja ya mfano kabla ya kuchapa zote. Isome yote, mwanzo hadi mwisho, ukiwa na kalamu. Ukimaliza, weka sahihi na tarehe kwenye nakala hiyo, muachie, upige picha ya ukurasa uliosaini. Siku hiyohiyo, kama mhariri bado anakudai, mmalizie fedha yake.